Sura ya 6: Mita Moja, Nyumba Tatu

Nyumba za Ziwani zilijengwa miaka ya 1940, Nairobi ikiwa bado manispaa, na waliozichora walimfikiria mpangaji mwenye mahitaji machache. Ukipita leo kati ya Kariokor na Starehe, utakuta ua uliokuwa wazi umejaa. Mbele ya mlango pamesimama chumba cha mabati, nyuma kuna kingine, na pembeni kuna kinyozi au duka la kuchaji na kutengeneza simu. Vyote vinakula stima kutoka mita moja, iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja, pengine mzazi aliyekwisha kufariki.

Sura hii inahusu kipande cha waya kinachotoka kwenye mita hiyo hadi kwenye kisanduku cha breka, na nyaya zinazoendelea kutoka kisanduku cha kwanza hadi cha pili na cha tatu. Mara nyingi kipande chenyewe hakizidi hatua tatu. Kimejificha ndani ya boksi au nyuma ya kabati, kwa hiyo hakitazamwi na mtu mpaka siku kinaponuka. Ninakiandikia sura nzima kwa sababu kila ampea ya nyumba hupita hapo, na hakuna sehemu nyingine ya nyumba yenye ulinzi mdogo kama hapo.

Tuanzie nguzoni. Kebo inayoshuka kutoka kwenye nguzo hadi ukutani ni ya Kenya Power, kampuni iliyoanza 1922 kwa jina la East African Power and Lighting, pale kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi zilipounganishwa. Kebo hiyo hukutana kwanza na fyuzi ya kampuni, halafu huingia kwenye mita. Fyuzi ni yao, mita ni yao, na sili inayofunga kifuniko ni yao pia. Kuikata sili ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, lakini hata sheria isingekuwapo ningekuomba usiiguse. Upande ule wa mita hauna swichi unayoweza kuizima wewe. Aliye na bisibisi pale amesimama mbele ya transfoma ya mtaa mzima, na kati yao ipo fyuzi moja tu, au haipo kabisa akishika waya unaoingia kwenye fyuzi hiyo.

Nyaya mbili zikishatoka kwenye mita, laivu na nyutro, wajibu unahamia kwa mwenye nyumba na fundi wake. Utaratibu ulio sawa ni kwamba fundi huandaa nyaya hizo mbili kutoka kwenye kisanduku chake, akaziacha zikisubiri, na watu wa kampuni ndio wanaoziingiza kwenye mita na kupiga sili. Mafundi wengi wazuri hutumia shaba ya 16, yaani waya ambao kiini chake kina milimita 16 za mraba. Upande wa nyumba, nyaya hizo huingia kwenye meni swichi, ambayo lazima ikate laivu na nyutro kwa pamoja. Kutoka meni swichi ndipo breka ndogo hupangwa: ya taa, ya soketi, ya jiko, ya shawa.

Breka yenyewe si kifaa cha zamani sana. Hugo Stotz na wenzake huko Mannheim, Ujerumani, ndio waliosajili breka ndogo ya kurudishwa kwa mkono mwaka 1924. Kabla yake, na kwa miaka mingi baadaye katika nyumba za Eastlands, ulinzi ulikuwa fyuzi ya kigae yenye uzi mwembamba wa shaba. Uzi ukikatika, mtu aliweka mnene zaidi ili usimsumbue tena. Tabia hiyo haijafa. Imehamia kwenye breka: breka ya 20 ikianguka mara kwa mara, mtu hununua ya 40 bila kubadilisha waya.

Sasa tufanye hesabu ya nyumba yenyewe, kwa sababu bila hesabu hii fundi anabahatisha. Chukua Jumapili jioni, nguo za shule zikipigwa pasi na watu wakioga kabla ya Jumatatu. Umeme wetu ni volti 240. Shawa ya maji moto ya kilowati 7 inavuta ampea 29. Birika la umeme la kilowati 2 katika nyumba kubwa linavuta 8, na birika jingine kama hilo katika chumba cha nyuma linavuta 8 zaidi. Jiko la sahani mbili kwenye chumba cha mbele, 8. Pasi, 5. Tumefika 58 na bado hatujahesabu friji, televisheni, taa, na mashine za kinyozi. Fyuzi ya kampuni ikiwa ya ampea 60, mita moja imeshafika ukingoni, na hakuna aliyefanya jambo la ajabu. Kila mtu amepika chai na kuoga.

Wengi hudhani fyuzi ya 60 hukatika pale tu mzigo unapopita 60. Haiko hivyo. Fyuzi hutengenezwa ivumilie mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, hata saa nzima na zaidi, na hukatika haraka pale tu kunapotokea shoti kubwa. Katika saa hiyo ya uvumilivu, waya mwembamba ulio mahali pabaya unachemka.

Na waya mwembamba ulio mahali pabaya ndio ugonjwa wenyewe wa nyumba hizi. Mwenye nyumba anajenga chumba cha nyuma. Anamwita kijana anayejua stima kidogo, anamwambia, "Fundi, huku nataka taa na soketi moja tu, usinigharimu." Kijana anatafuta mahali penye stima ya uhakika, isiyozimika breka ya soketi ikianguka. Anafungua kisanduku cha nyumba kubwa, anachomeka waya wa 2.5 kwenye meni swichi pamoja na waya uliokuwapo, anaupitisha juu ya paa hadi chumba cha nyuma, na huko anafunga kisanduku kidogo chenye breka mbili. Taa inawaka. Kila mtu anashukuru.

Tazama alichofanya. Waya wa 2.5 uliobanwa ukutani penye hewa hubeba takriban ampea 27. Ukiwa ndani ya bomba, au umejikunja chini ya mabati yaliyopigwa na jua la Januari, hubeba pungufu. Breka mbili za chumba cha nyuma zinalinda nyaya zinazotoka kwenye kile kisanduku kidogo. Haziwezi kuulinda waya unaozifikia. Waya huo, kutoka meni swichi ya nyumba kubwa hadi nyuma, unalindwa na fyuzi ya kampuni peke yake, na fyuzi hiyo iko tayari kupitisha 60 bila kushtuka. Panya akiung'ata waya huo, au ukisuguliwa na ukingo wa bati mpaka plastiki iishe, unaweza kuwaka moto huku breka zote za nyumba zikiwa zimesimama wima kana kwamba mambo ni shwari.

Dawa yake ni rahisi kueleza. Kila waya unaoondoka kwenda kisanduku kingine uanze kwenye breka yake, ndani ya kisanduku kikuu, na breka hiyo isizidi uwezo wa waya. Kwa chumba cha taa, soketi na jiko dogo, breka ya 32 na waya wa 6 ni mpango mzuri. Umbali nao unadai haki yake. Kwenye futi 65 za waya wa 2.5, ampea 20 hupoteza karibu volti 7 njiani. Kwa waya wa 6 hupotea chini ya 3. Volti zinazopotea haziendi mahali pengine, zinakuwa joto ndani ya waya, na unalipa tokeni zake. Kama kisanduku kikuu chenyewe kiko mbali na mita, iwekwe swichi yenye fyuzi karibu na mita. Desturi ya Uingereza, ambako kanuni zetu nyingi za nyaya zimetoka, ni kutovuka mita 3 bila kufanya hivyo.

Hapa watu huniuliza kuhusu zile mita ndogo za kupachika ambazo wenye nyumba huwafungia wapangaji ili kila mtu alipe alichotumia. Ni kitu kizuri cha kuzuia ugomvi, hasa mwisho wa mwezi. Lakini mita ndogo huhesabu tu. Haikati kitu kwa sababu waya umezidiwa. Nimeona boksi lenye mita ndogo nne zilizopangwa vizuri, zimeandikwa majina ya wapangaji, bila breka hata moja kabla yake. Aliyefunga alijali pesa kuliko watu, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia tofauti.

Mpaka sasa nimezungumzia moto. Katika vyumba vya mabati kuna hatari nyingine, na kwangu ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu inachukua watoto.

Ukuta wa mawe ukiguswa na waya uliochubuka hausemi kitu. Ukuta wa bati unakuwa laivu wote, kutoka msumari wa chini hadi paa, na bati likigusana na bati la jirani, na la jirani linakuwa laivu. Mtu akifunga waya wa kuanikia nguo kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya chuma, waya huo nao umebeba umeme. Mama anayeanika nguo mbichi, miguu ikiwa kwenye tope baada ya mvua ya Aprili, ndiye anayekamilisha njia ya umeme kwenda ardhini.

Watu hujibu, "Lakini tuna erthi." Hapo ndipo hesabu inahitajika tena. Nyumba nyingi hutegemea fimbo ya erthi yao wenyewe, chuma kilichopakwa shaba cha futi nne, kilichopigwa ardhini karibu na mita. Udongo mweusi wa upande huu wa Nairobi hushika maji vizuri wakati wa mvua, lakini kiangazi ukifika hujikunja na kupasuka, na fimbo inabaki imeshikwa na nyufa. Tuseme ukinzani wake umefika omu 100, jambo la kawaida kabisa. Gawa 240 kwa 100: ampea 2.4. Hiyo ndiyo stima itakayopita kwenye erthi ukuta ukiwa laivu. Breka ya 32 haitaisikia. Hata ya 6, ya taa, haitaisikia. Ukuta utabaki na karibu volti 240 usiku kucha, na dalili pekee itakuwa tokeni zinazoisha haraka: ampea 2.4 ni zaidi ya nusu kilowati, zaidi ya uniti 13 kwa siku.

Kwa hiyo erthi ya fimbo bila RCD ni nusu ya kazi. RCD ni kile kifaa chenye kitufe cha T kinacholinganisha stima inayotoka kwenye laivu na inayorudi kwenye nyutro. Zikipishana, maana yake kuna nyingine inayopita mahali pasipostahili, kupitia bati au mwili wa mtu, na kifaa kinakata. Cha kulinda watu huwa cha miliampea 30, yaani sehemu 3 kati ya mia moja za ampea moja, na hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Katika mfano wetu wa ampea 2.4, hakitangoja hata kidogo.

Katika nyumba yenye visanduku vitatu, wapi ukiweke? Ukiweka kimoja tu kwenye kisanduku kikuu, birika bovu la chumba cha nyuma litawaweka gizani watu wote, na baada ya mara tatu mtu mwenye hasira atakiondoa. Naona ni bora kila kisanduku kidogo kiwe na RCD yake ya miliampea 30, na kwenye kisanduku kikuu kiwekwe cha miliampea 100 cha aina inayochelewa kidogo. Hitilafu ya chumba cha nyuma itazimwa nyuma, na waya wa kwenda huko nao utakuwa na mlinzi. Waya wa erthi usafiri pamoja na laivu na nyutro hadi kila kisanduku, na kuta za bati na paa lake viungwe kwenye erthi hiyo kwa waya mnene na skrubu safi, si kwa kuufunga waya kwenye msumari wenye kutu.

Kuna kosa moja linaloingia siku hizi kupitia video. Vijana wanajifunza kazi kwa simu, jambo ninaloliunga mkono, lakini video nyingi zinatoka Marekani, ambako nyumba hupata nyaya mbili za laivu zenye volti 120 kila mmoja kwa nyutro, na 240 kati yao. Katika kisanduku kikuu cha Mmarekani, nyutro na erthi hufungwa pamoja kwa makusudi. Kijana wa Ziwani akiiga hivyo katika nyumba yenye fimbo yake ya erthi, ameweka mtego. Siku waya wa nyutro utakapokatika nguzoni, stima inayotafuta njia ya kurudi itapitia ule muungano hadi kwenye kila kitu chenye erthi: friji, pasi, bomba, ukuta wa bati. Fimbo yenye omu 100 haiwezi kuimeza. Hapa kwetu, baada ya mita, mteja haunganishi nyutro na erthi mahali popote, si kwenye kisanduku kikuu, si kwenye vidogo. Kila moja na reli yake.

Rangi nazo zinataka macho. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Nyaya mpya zinakuja na kahawia kwa laivu na bluu kwa nyutro. Katika nyumba iliyoongezwa mara tatu utazikuta zote kwenye kisanduku kimoja. Penye stima ya fezi tatu, kama kwenye karakana za kuchomelea, mambo ni mabaya zaidi: bluu ya zamani ilikuwa laivu, na nyeusi mpya ni laivu. Fundi anayeamini rangi bila kupima kwa kifaa anaweka mwili wake rehani.

Nirudi kwenye zile hatua tatu kati ya mita na kisanduku, kwa sababu kuna jambo dogo linaloziharibu kuliko yote: skrubu iliyolegea. Kiungo kilicholegea kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.05, kiasi ambacho hakizimi taa wala kufifisha televisheni. Lakini ampea 40 zikipita hapo, joto lake ni wati 80, sawa na balbu ya zamani iliyofungiwa ndani ya boksi la plastiki. Plastiki inakuwa ya manjano, halafu kahawia. Joto linaulegeza mkazo zaidi, ukinzani unaongezeka, na joto linaongezeka nao. Ndiyo maana fundi mzuri hurudi kukaza baada ya miezi michache, mkandarasi mzuri anabana kwa kipimo badala ya nguvu za mkono, na wewe mwenye nyumba, usiku shawa ikifanya kazi, ukaribie kisanduku bila kukifungua, unuse na usikilize. Harufu ya samaki waliooza penye plastiki, au mlio kama wa kitu kinachokaangwa, ni sababu ya kuzima meni swichi usiku huo huo. Ikiwa joto liko upande wa mita au fyuzi ya kampuni, usifungue; piga simu kwa Kenya Power.

Kazi hii ina mwenyewe kisheria. EPRA, mamlaka inayosimamia kawi na petroli, hutoa leseni za mafundi wa umeme kwa madaraja, kuanzia C2 hadi A1. Fundi mwenye leseni akimaliza kazi, hujaza cheti cha ukamilishaji kinachosema amepima na anawajibika. Mteja ana haki ya kuiona leseni kabla ya kazi na kukaa na nakala ya cheti baadaye. Mwulize pia namba alizozipata: ukinzani wa insulesheni kati ya laivu na erthi ulikuwa megaomu ngapi, fimbo ya erthi ilisoma omu ngapi, RCD ilikata baada ya milisekunde ngapi. Aliyepima atakujibu bila kufikiri. Asiyepima atakwambia taa zinawaka.

Najua ugumu wa familia inayoishi katika nyumba ya kaunti kama hizi za Ziwani. Nyumba si yako, chumba cha mabati hakimo kwenye ramani, mita ina jina la marehemu, na mpango wa kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands ili kujenga ghorofa umezungumzwa miaka mingi. Mtu anajiuliza kwa nini atumie pesa kwenye nyaya. Jibu langu ni kwamba waya hausubiri mpango wa kaunti. Ukishindwa kufanya yote, anza na RCD na breka kwenye mwanzo wa kila waya unaokwenda chumba kingine. Kisanduku kizuri kinaweza kufunguliwa na kuhamishwa siku ya kuhama.

Na atakayehamia ghorofa ajue kwamba kipande hiki kinarefuka. Katika majengo marefu mita hupangwa pamoja katika chumba cha chini, na nyaya zako hupanda ghorofa baada ya ghorofa hadi kwenye kisanduku chako. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, shuka na msimamizi hadi chumba cha mita. Tafuta mita yenye namba yako, tafuta breka iliyo chini yake, soma ampea zake, uliza waya unaopanda ni wa ngapi. Kisha umwombe aizime, umtume mwanao juu aangalie kama nyumba iliyozimika ni yenu.